Je, Château Gaillard ilijengwa vibaya? Jibu kwa mwalimu wa historia anayekwenda Normandie

*"Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na mwezi wa tano nitakuwa Rouen kwa mafunzo ya wiki mbili. Nimepanga kutumia siku moja kwenda kuona Château Gaillard, lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyochanganyikiwa. Huku naambiwa ilikuwa ngome imara kuliko zote za wakati wake, iliyojengwa kwa mwaka mmoja tu na Mfalme Richard wa Uingereza kwa ujuzi alioupata katika Vita vya Msalaba. Huku naambiwa ilitekwa miaka sita tu baada ya kukamilika, tena na askari waliopenya kwa kupitia choo. Nikitazama picha, naona vipande vya kuta tu. Je, ilijengwa vibaya? Na kuna faida gani ya kwenda kutazama magofu badala ya kasri lililo zima?"*

Mwalimu, naona kinachokutatiza ni kwamba sifa hizi mbili hazikai pamoja: ngome iliyozishinda nyingine zote kwa uimara haipaswi kuanguka mapema namna hiyo, kwa hiyo lazima kuna anayekudanganya. Kwa maoni yangu hakuna anayedanganya moja kwa moja, bali kila upande umeuchukua ukuta peke yake na kuuacha mpango mzima ambao ukuta huo ulikuwa sehemu yake. Château Gaillard ilijengwa vizuri sana kwa kazi moja mahususi, na kazi hiyo ilitegemea kuwapo kwa mfalme mwenye jeshi karibu. Mfalme huyo alipokosekana, kasoro za ujenzi zilizokuwepo tangu mwanzo zilianza kuonekana moja baada ya nyingine. Kasoro zipo, nitakuonyesha, na choo si kubwa miongoni mwake.

Tuanze na mahali penyewe. Richard aliachiliwa kutoka kifungoni Ujerumani mwanzoni mwa 1194, akakuta Mfalme Philippe II wa Ufaransa ameitumia nafasi ya kutokuwepo kwake kujitwalia ngome muhimu za mpaka wa Normandie, jimbo la kaskazini mwa Ufaransa ambalo Richard alilitawala pia, ikiwemo Gisors. Kwa mapatano ya mwanzo wa 1196 Richard alilazimika kukubali kupoteza sehemu kubwa ya mpaka huo, na hapo njia ya kwenda Rouen, mji mkuu wa Normandie, ikabaki karibu wazi kwa yeyote atakayeshuka na mto Seine. Palipofaa kuizuia njia hiyo ni Andely, kilomita zipatazo 40 juu ya Rouen, ambako mto unajipinda chini ya magenge meupe ya chokaa yanayofikia takriban mita 90. Tatizo ni kwamba mapatano yenyewe yalisema Andely isijengewe ngome, na ardhi ilikuwa mali ya Askofu Mkuu wa Rouen, Walter wa Coutances. Richard alijenga hivyo hivyo. Askofu akapiga marufuku ibada katika Normandie yote na kwenda Roma kumshitakia Papa Celestine III, na ugomvi haukuisha hadi Oktoba 1197, Richard alipomlipa fidia nono iliyojumuisha mji wa bandari wa Dieppe pamoja na Louviers. Mfalme aliyekubali kutoa bandari nzima ili abaki na jabali moja alijua jabali hilo lina thamani gani.

Kuhusu mwaka mmoja wa ujenzi, chanzo chake ni usimulizi unaosema kwamba Richard alijivunia ngome hiyo kwa kuiita binti yake mzuri wa mwaka mmoja. Ni maneno ya kupendeza, lakini hesabu zinasema vingine. Hati ya mapato na matumizi ya hazina ya Normandie ya mwaka 1198 imesalia, na inaonyesha kazi ya miaka miwili hivi, kuanzia 1196 hadi 1198. Gharama zake wanahistoria huzikadiria kuwa karibu pauni 12,000 za wakati ule, wakati ambapo Richard alitumia pauni 7,000 hivi kwa ngome zake zote za Uingereza katika utawala wake mzima. Wamo waashi, wachonga mawe, maseremala, wahunzi, wachoma chokaa, wachukuzi wa maji na wachimbaji waliokata mahandaki kwenye mwamba. Jina la fundi mkuu halimo, na ndiyo sababu wengi huamini kwamba Richard mwenyewe ndiye aliyeelekeza kazi. Hata hivyo miaka miwili ni muda mfupi wa kushangaza, na sehemu ya siri yake ni mwamba wenyewe: mawe yaliyochimbwa mahandakini yalitumika kujaza matumbo ya kuta palepale, na mawe mazuri ya kuchongwa yakabaki kwa ajili ya nyuso zake.

Zingatia pia kwamba fedha hizo hazikuishia kwenye ngome iliyo juu ya genge. Chini ukingoni mwa mto Richard alijenga mji mpya wenye kuta, ambao leo ni Petit Andely, na mbele yake, kwenye kisiwa katikati ya Seine, akajenga boma dogo lenye mnara. Madaraja yaliunganisha kisiwa na pande zote mbili, na karibu yake mto ulizibwa kwa safu za magogo yaliyokitwa ili mashua za Wafaransa zisipite. Juu zaidi ya mto kulikuwa na boma jingine lililoitwa Boutavant. Mpango ulikuwa kwamba adui anayetaka kwenda Rouen asimame hapo, na wakati amesimama, jeshi la mfalme lipate muda wa kukusanyika na kumpiga. Ngome za zama hizo zilijengwa ili kununua muda, na mpango wa Richard unasomeka vizuri ukiutazama kwa jicho hilo.

Sasa tuipande ngome yenyewe. Jabali limezungukwa na miteremko mikali karibu pande zote, isipokuwa kusini-mashariki, ambako shingo nyembamba ya ardhi inaliunganisha na kilima kilicho juu zaidi ya ngome. Adui mwenye mashine za kurushia mawe angeweza kutokea huko tu, na kwa hiyo kila kitu kimepangwa kuelekea huko. Mbele kabisa kuna boma la nje lenye umbo la pembetatu na minara mitano, likiwa limeielekeza ncha yake kwa adui. Nyuma yake linafuata handaki kavu refu kwenda chini, kisha ua wa kati, kisha handaki jingine, kisha ua wa ndani, na ndani ya ua huo, kwenye ukingo wa genge unaotazama mto, umesimama mnara mkuu.

Ukuta wa ua wa ndani ndio ninaokuomba usiupite haraka. Uso wake wa nje haukunyooka hata kidogo, kwa kuwa ni mfululizo wa nusu-duara kumi na kadhaa zilizobanana, kila moja ikianza pale mwenzake ilipoishia. Sababu yake ni hii: ukuta ulionyooka huwa na eneo lililofichika chini ya mguu wake, ambalo mlinzi aliye juu hawezi kuliona bila kutoa kifua nje, na katika eneo hilo wachimbaji wa adui huweza kufanya kazi yao kwa utulivu. Mkunjo unapunguza maficho hayo, na zaidi ya hapo jiwe linalorushwa likigonga uso wa mviringo hupiga kwa pembe na kuteleza, badala ya kuutua uzito wake wote mahali pamoja. Simama ndani ya handaki na uweke mkono kwenye makutano ya nusu-duara mbili, utaona jinsi mawe yalivyochongwa kufuata mviringo huo, kazi inayokula muda na fedha kuliko ukuta wa kawaida. Mimi binafsi sijaona ukuta mwingine wa aina hii uliofanywa kwa ukamilifu kama huu.

Mnara mkuu nao una mambo mawili. Upande wake unaotazama ndani ya ua, yaani kule ambako adui angetokea, umeongezwa unene hadi ukachongoka kama omo ya jahazi. Na nje yake zinapanda nguzo zinazoanza nyembamba chini na kupanuka kadiri zinavyokwenda juu, ambazo zilikusudiwa kubeba matao, na kati ya tao na ukuta pakaachwa nafasi ya kuangushia mawe juu ya vichwa vya walio chini. Huu ni miongoni mwa mifano ya mapema kabisa ya matundu ya namna hiyo yaliyojengwa kwa mawe katika Ulaya ya magharibi. Sehemu ya juu imekwisha kubomoka, kwa hiyo michoro unayoiona vitabuni, hasa inayofuata ile ya msanifu Viollet-le-Duc wa karne ya 19, ichukue kama pendekezo la msomi mmoja, maana mnara kamili hakuna aliyeuona akauchora.

Hapo ndipo linapokuja suala la Vita vya Msalaba. Ni kweli Richard alizijua ngome za Shamu na Palestina, na si vigumu kuamini kwamba aliyoyaona huko yalimkaa akilini. Lakini minara yenye ncha ya namna hii ilikuwepo Ufaransa kwenyewe: iko kwenye kuta za Loches, na uko mmoja La Roche-Guyon, juu zaidi ya mto huohuo wa Seine. Fundi wa Normandie hakuhitaji kuvuka bahari ili kuujua. Ukiwafundisha wanafunzi wako, ningeshauri useme kwamba athari ya mashariki inawezekana, bila kuifanya kuwa maelezo ya kila kitu.

Richard alikufa Aprili 1199 kwa jeraha la mshale alilolipata Châlus, na Normandie ikawa ya ndugu yake, John. Mwishoni mwa Agosti 1203 Philippe alifika Andely, na hakuanza na ngome, bali alianza na mto. Padri wake Guillaume le Breton, aliyekuwepo na ambaye maandishi yake ndiyo chanzo chetu kikubwa, anamtaja mtu wa Mantes aitwaye Gaubert, hodari wa kuogelea, aliyepeleka moto ndani ya vyombo vilivyofungwa hadi kwenye boma la kisiwani na kuliunguza. Kabla ya hapo John alikuwa amejaribu kuwaokoa watu wake kwa shambulio la usiku, kikosi kimoja kikienda nchi kavu chini ya William Marshal na kingine kwa mashua. Mpango ulitaka vikosi hivyo vifike pamoja, lakini wapiga makasia walikuwa wanapambana na mkondo wa mto, wakachelewa. Kikosi cha nchi kavu kikapigwa peke yake, kisha mashua nazo zikapigwa zilipotokea. Hilo lilikuwa jaribio la kwanza na la mwisho. Mwezi Desemba John alivuka bahari kurudi Uingereza, na hakurudi tena Normandie.

Mji ulipoanguka, wakazi wake wote walikimbilia ngomeni kwa Roger de Lacy, kamanda aliyekuwa na chakula cha kutosha askari wake tu. Aliwatoa nje kwa makundi, na makundi ya kwanza Wafaransa waliyaruhusu kupita. Kisha Philippe akakataza, kwa kuwa kila tumbo lililobaki ndani lilimkaribisha na ushindi. Lilipotolewa kundi la mwisho, mbele walikuta mishale na nyuma wakakuta lango limefungwa, na mamia ya watu hao, wanawake na watoto wakiwemo, walikaa miteremkoni wakati wa baridi wakila majani na nyama ya mbwa, hadi Philippe alipowaonea huruma wakiwa wengi wao wamekwisha kufa. Ukiwapeleka wanafunzi katika habari hii, usiiruke sehemu hiyo. Michoro ya ngome ina tabia ya kutusahaulisha watu waliokuwa nje ya mistari.

Mashambulio ya ukuta kwa ukuta yalianza Februari 1204. Wafaransa walishuka handakini, wakachimba chini ya mnara ulio kwenye ncha ya boma la nje, wakaushikilia kwa mihimili ya mbao, kisha wakaichoma mihimili, na mnara ukaporomoka. Boma la nje likawa lao. Walinzi wakarudi ua wa kati, na hapo ndipo habari ya choo inapoingia. John alikuwa ameongeza jengo lililoegemea ukuta, lenye kanisa dogo, ghala na vyoo, na lilikuwa na dirisha kwa nje. Kinachosimuliwa na Guillaume ni kwamba askari mmoja aliinuliwa na wenzake hadi akalifikia dirisha hilo, akaingia, akawavuta wengine, nao wakapiga kelele kubwa hata walinzi wakadhani ni kikosi kizima. Walinzi wakachoma jengo ili wawateketeze, lakini moto ukawageukia wenyewe, ikawabidi kukimbilia ua wa ndani. Kwa vile vyoo vilikuwa katika jengo hilohilo, inaelekea wasimulizi wa baadaye walivutiwa na bomba la choo kuliko dirisha. Kwa vyovyote, kosa ni la nyongeza ya John: tundu liliwekwa mahali ambapo mpango wa asili ulitaka ukuta mtupu.

Ukuta wa mikunjo nilioupigia debe hapo juu ndio ulioangushwa mwisho, na jinsi ulivyoanguka ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na funzo kubwa zaidi kwa mtu wa usanifu. Mbele ya lango la ua wa ndani, wachimbaji wa Richard waliacha kipande cha mwamba bila kukikata, ili kiwe daraja juu ya handaki. Daraja la mbao linaweza kuondolewa, lakini daraja la mwamba halitoki. Wafaransa walilitumia kuufikia mguu wa ukuta na kuanza kuchimba chini yake. Walinzi nao wakachimba kutoka ndani ili wawakabili, wakawafukuza, lakini kwa kufanya hivyo walikuwa wameutoboa ukuta huohuo kutoka pande zote mbili. Mashine kubwa ya kurushia mawe ikamalizia kazi. Tarehe 6 Machi 1204 ukuta ulipasuka, na walinzi waliosalia, wasiofikia 200, wakasalimu amri bila hata kuuwahi mnara mkuu. Rouen ilijisalimisha tarehe 24 Juni mwaka huohuo.

Kwa hiyo, je, ilijengwa vibaya? Daraja la mwamba lilikuwa kosa la wazi. Kosa la pili ni la mpangilio: maboma yamepangwa moja nyuma ya jingine, kwa hiyo yalivyoanguka yalianguka kwa zamu, na waliokuwa nyuma hawakuweza kuwasaidia sana waliokuwa mbele. Mnara mkuu, pamoja na uzuri wake wote, haukurefusha vita hata kwa siku moja. Ni jambo la kutafakari kwamba wajenzi wa Ufaransa waliofuata hawakuiga Gaillard. Walishika mtindo wa Philippe, ambao ni wa kawaida kabisa: ua wa pembe nne, minara ya duara kwenye kona, na mnara mmoja mkubwa wa duara, kama alivyofanya huko Louvre, Paris, tangu 1190. Ulikuwa rahisi kurudiwa popote, na gharama yake ilijulikana mapema. Lakini upande wa pili wa mizani una uzito mkubwa zaidi, nami nauegemea: ngome hii ilimshika mfalme mwenye nguvu kwa takriban miezi sita, baridi nzima, na katika muda wote huo hakuna jeshi lililokuja baada ya lile jaribio la kwanza. Ilinunua muda kama ilivyoagizwa, ila aliyenunuliwa muda huo hakuutumia.

Magofu unayoyaona pichani nayo si kazi ya Philippe. Ngome ilitengenezwa, ikaendelea kutumika kwa miaka karibu 400. Marguerite wa Burgundy, mke wa mrithi wa kiti cha Ufaransa, alifungwa humo 1314 kwa shutuma za uzinzi na kufa mwaka uliofuata. David II wa Uskoti, mfalme mtoto, alihifadhiwa huko kuanzia 1334 hadi 1341. Katika Vita vya Miaka Mia Moja ilibadilisha mikono mara kadhaa, na mwaka 1419 iliangukia kwa Waingereza, kwa mujibu wa mwandishi mmoja wa wakati huo, kwa sababu kamba za kisima zilikuwa zimelika na maji hayavutiki tena. Mwaka 1599 Henri IV aliagiza ibomolewe, kwa ombi la baraza la Normandie lililoogopa isije ikawa maficho ya waasi, na watawa wa karibu wakaruhusiwa kuchukua mawe yake kwa majengo yao. Mwaka 1862 ikaingizwa katika orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa.

Nenda, Mwalimu. Kasri zima litakuonyesha vyumba na samani, mara nyingi za karne za baadaye; gofu hili litakuonyesha matumbo ya kuta, mahandaki yaliyokatwa kwenye mwamba, na sura ya ardhi ambayo ndiyo iliyoamua kila kitu. Hata hivyo, ukiwa na siku moja tu na lengo lako ni kuwaonyesha wanafunzi jinsi watu walivyoishi ndani ya ngome, Gaillard itakukatisha tamaa, na ni heri uchague La Roche-Guyon. Ukipata siku ya pili, nenda Gisors, ambako mnara wa duara wa Philippe upo karibu na ngome ya zamani ya wafalme wa Uingereza, na utaona mitindo miwili kwa jicho moja.

Les Andelys, jina la leo la Andely, haina stesheni ya treni. Iliyo karibu ni Gaillon-Aubevoye, na kutoka hapo utahitaji gari. Anzia kwenye kilima cha kusini-mashariki, juu ya ngome, kwa sababu hapo ndipo aliposimama mshambuliaji, kisha ushuke kuelekea boma la nje. Boma hilo na mahandaki huonekana bila kiingilio, ila ua wa ndani hufunguliwa kwa msimu na hufungwa wakati wa baridi, kwa hiyo ulizia siku na saa katika ofisi ya utalii ya Les Andelys kabla hujatoka Rouen. Njia za chokaa huteleza sana zikinyeshewa, na ukingo wa genge hauna uzio kila mahali.

Yapo maswali ambayo maandishi yangu hayawezi kukumalizia. Kutofautisha mawe ya 1198 na marekebisho ya baadaye, kwa mfano, kunataka mtu wa kukuonyesha kwa kidole, basi omba ziara ya kuongozwa na umuulize kiongozi hasa kuhusu jengo la John katika ua wa kati na mwamba ulio mbele ya lango la ndani. Ukitaka kuandaa somo kwa nyaraka zenyewe, hati za hazina ya Normandie zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, London, na matoleo yake yaliyochapishwa karne ya 19 hupatikana katika maktaba kubwa. Kwa historia ya mji na ngome baada ya hapo, waandikie mapema Hifadhi ya Nyaraka ya Mkoa wa Eure iliyoko Évreux, ueleze unachotafuta, kwa kuwa baadhi ya nyaraka huagizwa kabla ya siku ya kuzisoma.